Karai, Mto na Sheria ya 1932

Dhahabu ya kwanza niliyoiona kwa macho yangu haikuwa kwenye pete. Ilikuwa chembe nne, labda tano, ndani ya karai lililochakaa huko Ikolomani, Kaunti ya Kakamega. Senje, dadake baba, alikuwa ameinama kijitoni maji yakimfika magotini. Anatikisa karai, anazungusha, anamwaga kidogo, anatikisa tena. Mimi, mtoto wa Nairobi mwenye raba nyeupe, nilikuwa nimesimama ukingoni nikihofia matope. "Njoo uone kabla sijamwaga," akaniita. Nikavua raba.

Alikuwa ameanza na karai lililojaa udongo, changarawe na mchanga. Sasa kulikuwa kumebaki mchanga mweusi kiasi cha kijiko, na pembeni mwake hizo chembe za manjano. Nikamuuliza imekuwaje. "Maji yanajua," akasema, kama mtu anayekuambia kesho ni Jumanne.

Jibu hilo lilinikaa kichwani miaka mingi. Maji yanajua nini hasa? Na kama dhahabu ilikuwa hapa muda huo wote, mbona sisi wa hapa hatukutajirika nayo? Nilidhani hayo ni maswali mawili tofauti, moja la fizikia na lingine la historia. Siku hizi sioni kama yanaweza kutenganishwa.

Tuanze na karai. Mchanga wa kawaida kwa sehemu kubwa ni kwatzi, lile jiwe jeupe linalometameta. Kwatzi ina uzito wa karibu mara 2.65 ya maji ya ujazo uleule. Mchanga mweusi una madini ya chuma, mengine yana uzito unaokaribia mara 5, na baadhi ukiyapitishia sumaku yananasa. Dhahabu safi ni mara 19.3. Kwa hivyo hewani dhahabu inaizidi kwatzi uzito kama mara saba. Lakini ukiziingiza majini, maji yanabeba sehemu ya uzito wa kila kitu, na tofauti inapanuka hadi mara kumi na moja. Ndiyo maana Senje hakufanya kazi hiyo kwenye nchi kavu. Akitikisa, chembe zinalegeana na kupeana nafasi, na kilicho kizito kinazama. Akizungusha, kilicho chepesi kinatoka na maji.

Kuna sehemu nyingine ya hesabu hiyo, nayo ni ukubwa. Mwaka 1851 mwanafizikia George Gabriel Stokes alionyesha jinsi chembe ndogo sana inavyozama ndani ya kiowevu. Punguza upana wake kwa nusu, na kasi yake ya kuzama inabaki robo. Yaani hata dhahabu, pamoja na uzito wake wote, ikisagika vya kutosha inaanza kutembea na mchanga wa bure. Chembe laini ya dhahabu itazama sambamba na chembe ya kwatzi yenye upana wa zaidi ya mara tatu yake. Shika hapo, tutarudi.

Sasa chukua karai la Senje ulifanye kubwa kama bonde. Mawe ya Kakamega ni ya zamani mno, zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ndani yake kuna mishipa ya kwatzi iliyobeba dhahabu. Mvua na jua vikayavunjavunja, mafuriko yakakokota vipande, na kila mahali maji yalipopunguza mwendo, yaliacha kwanza kilicho kizito: nyuma ya jiwe kubwa, upande wa ndani wa kona ya mto, kwenye nyufa za mwamba chini ya changarawe. Hakuna aliyelipwa kwa kazi hiyo. Ilifanyika kwa maelfu na maelfu ya miaka, bure, na watu wakalima mahindi na viazi juu yake.

Mwaka 1931 mkulima Mmarekani kutoka upande wa Eldoret, L. A. Johnson, akapata dhahabu Kakamega. Vitabu vinasema "aligundua," na sitagombana na neno hilo leo. Cha muhimu ni wakati wenyewe. Dunia ilikuwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi. Bei ya mahindi ilikuwa imeanguka, nzige walikuwa wamepita, na walowezi wengi walikuwa wamezama kwenye madeni. Habari ya dhahabu ya mtoni, ile ambayo haihitaji mtambo wala mkopo, karai na koleo tu, ilikuwa kama mvua. Wakamiminika kwa mamia na kupiga hema ndani ya North Kavirondo, eneo lililokuwa limetengewa Waafrika na lililokuwa tayari limejaa watu.

Tena si kwamba hapakuwa na sheria. Miaka miwili tu nyuma, mwaka 1930, serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji. Sheria hiyo iliahidi kwamba ardhi za hifadhi ni za Waafrika daima. Ikiwa kipande kingechukuliwa kwa shughuli ya umma, kipande kingine chenye thamani sawa kingetolewa badala yake, na baraza la wenyeji lingeulizwa kwanza. Hebu isome tena: ardhi kwa ardhi, na uulizwe.

Desemba 1932 sheria hiyo ikarekebishwa. Kwa ajili ya madini, ardhi ingeweza kuchukuliwa bila kurudishiwa ardhi nyingine. Ungelipwa pesa. Na lile sharti la kulipeleka jambo kwanza mbele ya baraza likaondolewa. Mwanzoni mwa 1933 suala hilo liliwasha mjadala katika Bunge la Uingereza, na baadhi ya wabunge na mabwana wa huko walisema wazi kwamba ahadi imevunjwa. Haikubadilisha kitu. Daima ya 1930 ilikuwa imedumu miaka miwili.

Hapa ndipo fizikia inaporudi. Dhahabu iliyopangwa na mto ndiyo rahisi kuchukua, kwa hivyo ndiyo inayoisha haraka. Baada ya miaka michache ya pupa, iliyobaki kwa wingi ilikuwa ile ambayo mto haukuwa umeigusa, iliyofungwa ndani ya mwamba. Hiyo hutaipata kwa karai. Inataka mashimo marefu, baruti, pampu na mashine za kusaga mawe. Walowezi wengi wenye koleo wakafunga virago, kampuni zikashika usukani. Mgodi uliojulikana zaidi ulikuwa Rosterman, uliofanya kazi hadi 1952. Leo ukimwambia mtu wa boda Kakamega akupeleke Rosterman, atakupeleka mtaani, kwenye nyumba za kupanga.

Baba ya nyanya yangu alikuwa kibarua mgodini. Familia yetu haina picha yake, ina hadithi moja tu: kwamba alikuwa akirudi nyumbani vumbi limemjaa kichwani, na mkewe akimtania amwoshe kwenye karai aone kama kutabaki kitu. Kila nikiisikia nyumbani watu hucheka. Mimi pia hucheka, halafu nanyamaza.

Kampuni zilipoondoka, watu walibaki na mashimo, vifusi na ujuzi. Wachimbaji wadogo wa sasa wanafanya kwa mikono kazi ambayo mto uliifanya kwa muda mrefu: wanavunja mwamba, wanasaga, wanaosha unga wake kwenye ubao ulioinamishwa na kutandikwa gunia, ili nyuzi zishike kilicho kizito. Lakini mto haukuwa na haraka. Mashine inasaga mpaka dhahabu inakuwa laini kama unga wa ngano, na hapo ile kanuni ya Stokes inakamata. Dhahabu ni nzito, ndio, ila imekuwa ndogo mno na inatoroka na maji.

Ndiyo sababu kuna zebaki. Zebaki inashikana na chembe zile laini na kuzikusanya kuwa donge. Kisha donge linachomwa, zebaki inapanda hewani, dhahabu inabaki. Mara nyingi linachomwa kwenye jiko lilelile la nyumbani, watoto wakiwa karibu. Mvuke wake unadhuru mishipa ya fahamu na figo, na unamfikia mtoto aliye tumboni. Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata dhidi ya zebaki mwaka 2013. Senje aliniambia hakuwahi kuitumia, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa kijitoni tu. Vijana wa mashimoni ndio walioitumia, na sijui ungewaambia nini cha kuwazuia iwapo bila zebaki nusu ya jasho lao linaenda na maji.

Sheria ya Madini ya 2016 inawatambua wachimbaji hao wadogo. Inasema pia kwamba kwenye mrabaha wa madini, asilimia 70 ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti na 10 ya jamii ya eneo. Ni hatua, tusidanganyane. Lakini mrabaha ni jambo moja na shamba ni jingine. Katika miaka ya karibuni kampuni zimerudi Ikolomani, zimetoboa na kupima, na zimepata mwamba wenye dhahabu chini ya nyumba, makaburi na migomba ya watu.

Mara ya mwisho nilipoenda, Senje hakuwa akishuka tena kijitoni. Magoti yamekataa. Tuliketi nje akichagua maharagwe kwenye uteo, anarusha na kupepeta, makapi yanaruka, mbegu zinabaki. Katikati ya kazi akanyanyuka akaleta karatasi kutoka ndani. Watu walikuwa wamepita na kumwachia. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa sita, na macho yake hayaoni vizuri herufi ndogo.

"Wewe umesoma," akaniambia. "Niangalilie hapo. Wanasema watatupa ardhi ama pesa?"

Nikaanza kusoma kutoka ukurasa wa kwanza.