Kenya: Matunzo ndiyo huamua faida ya nyumba za kupangisha

Nchini Kenya, nyumba za kupangisha ni mojawapo ya njia zinazopendwa sana za kuwekeza akiba, kuanzia vyumba vya mabati katika miji midogo hadi magorofa ya Nairobi na Mombasa. Hata hivyo, kodi inayokusanywa kila mwezi si faida. Kabla mwenye nyumba hajahesabu alichopata, serikali na mvua huchukua sehemu yao.

Ushuru wa kodi ya nyumba

Tangu tarehe 1 Januari 2024, mkazi wa Kenya anayepokea kodi ya nyumba za makazi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa ushuru wa asilimia 7.5, badala ya asilimia 10 ya awali. Ushuru huo hukokotolewa kwa kodi yote iliyopokewa, bila kuondoa gharama za ukarabati wala riba ya mkopo. Hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Anayetaka gharama zake zitambuliwe anaweza kuiandikia Mamlaka ya Ushuru, KRA, ili atozwe kwa utaratibu wa kawaida wa kila mwaka.

Kwa mfano, jengo la vyumba 10 vya shilingi 8,000 kwa mwezi huingiza shilingi 960,000 kwa mwaka vyumba vikijaa. Viwili vikikaa vitupu kwa miezi mitatu, hubaki 912,000. Ushuru ni 68,400. Mwenye jengo akitenga sehemu moja ya kumi kwa ukarabati, yaani 91,200, hubakiwa na 752,400, kabla ya kulipa mlinzi, maji, ada za kaunti na mkopo wa benki.

Wajibu wa mwenye nyumba

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka mwenye nyumba ahakikishe makazi anayopangisha yanafaa kuishi binadamu muda wote wa upangaji. Anayepangisha sehemu tu ya jengo hubeba pia jukumu la paa, kuta kuu na za nje, mifereji mikuu ya maji na maeneo yanayotumiwa na wote.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo, paa, mifereji, matangi na mashimo ya majitaka hukaguliwa kabla ya mvua za masika zinazoanza Machi na za vuli zinazoanza Oktoba. Maji yakipenya kwenye zege, nondo hushika kutu na kulipasua. Mashariki mwa Nairobi kuna udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua, hivyo nyufa zinazopanuka kila msimu huhitaji mhandisi, si rangi mpya.

Kabla ya kununua

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la kupangisha liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, na kuua zaidi ya watu 40. Lilikuwa limejengwa kando ya mto na tayari lilikuwa limepangiwa kubomolewa, lakini wapangaji waliendelea kuishi humo.

Mnunuzi anashauriwa kudai hati ya umiliki, michoro iliyoidhinishwa na kaunti na ripoti ya mhandisi kabla ya kulipa. Jengo lisilo na nyaraka hizo huwa rahisi kwa bei tu. Hatari yake hubebwa na wanaolala ndani.