Sataranji inayojisogeza: Thamani iko chini ya ubao

Tarakilishi za sataranji zinazosogeza kete zenyewe zilianza kuuzwa majumbani mwanzoni mwa miaka ya themanini, na leo hutafutwa na wakusanyaji wa mitambo ya kale. Hazitafutwi kwa akili yake, kwani programu ya bure kwenye simu ya mkononi huzishinda bila jasho. Kinachotafutwa ni ule mwendo wa kete inayoteleza ubaoni bila kuguswa na mtu.

Wazo lenyewe ni kongwe. Mwaka wa 1912 mhandisi Mhispania, Leonardo Torres y Quevedo, aliunda mtambo uliocheza mfalme na ngome dhidi ya mfalme aliye peke yake. Katika mtambo wake wa pili, wa 1920, kete zilivutwa kwa sumaku zilizofichwa chini ya ubao.

Ufundi wa sumaku ndio uliotumiwa na kampuni ya Marekani, Milton Bradley, mwaka wa 1983. Chini ya ubao wake mna kigari chenye sumaku, kinachoendeshwa kwa mota. Mchezaji hubonyeza kete yake kwenye mraba inakotoka na tena inakokwenda. Mtambo hufikiri, kisha kigari huikokota kete ya upande wake. Farasi, ambaye kwa kanuni huwaruka wenzake, hapa hupenyezwa katikati yao. Kete iliyoliwa hupelekwa pembeni mwa ubao. Fidelity ilitoa Phantom yake mwaka wa 1988 kwa mtindo huohuo. Novag ya Hong Kong ilikuwa imefuata njia tofauti: Robot Adversary yake ya 1982 ina mkono unaoinua kete. Huo ndio unaovutia macho zaidi, na pia wenye viungo vingi vya kuharibika.

Kwa mkazi wa Loresho, jijini Nairobi, anayeagiza mtambo wa aina hii, hatari ya kwanza ni soketi ya ukutani. Umeme wa Kenya ni wa volti 240, ilhali mitambo iliyouzwa Marekani ilitengenezewa volti 120. Kuuchomeka bila transfoma ya kushusha umeme ni kuuteketeza, na sehemu zake hazitengenezwi tena. Transfoma yenyewe si adimu. Barabara ya Luthuli, katikati ya jiji, imejaa maduka ya vifaa vya umeme.

Pili ni kete. Zile za mitambo ya sumaku zina sumaku ndani yake, hivyo askari mmoja aliyepotea hawezi kuzibwa pengo na askari wa plastiki wa dukani. Zihesabiwe zote 32 kabla ya malipo. Mafuta ya kulainisha nayo hukauka kwa miaka, na kigari kikakwama njiani. Mnunuzi adai video ya mtambo ukicheza. Taa kuwaka hakuthibitishi kwamba kigari kinasogea.