Kusafisha picha

Zamani ukipeleka filamu studio, uliambiwa urudi kesho, picha zinasafishwa. Dawa na chumba cha giza vimeondoka. Kitenzi kimebaki, tena kimeongezewa kazi. Mpiga picha chipukizi aliyetega kamera Shela, Lamu, usiku wa kaskazi usio na mwezi, akailenga Kilimia, hupata nyota zilizojaa chenga kama televisheni mbovu. Kwake kusafisha ni kupandanisha picha nyingi za Kilimia ile ile: mia moja zikipandana sawasawa, chenga hupungua hadi kama sehemu ya kumi. Halafu zipo picha za giza, zinazopigwa kwa muda ule ule lenzi ikiwa imefunikwa, ili programu ijue madoa ya kamera yenyewe na kuyaondoa. Kwa joto la Lamu, hizo si za kuruka.

Tatizo ni kwamba kusafisha kuna maana yake ya nyumbani pia, na wengi huifuata hiyo. Hukoleza weusi wa anga mpaka ukungu wa buluu unaozizunguka nyota za Kilimia ukatoweka. Iacheni anga na ukijivu kidogo, jamani. Ukungu umo humo.