Mavi ya shaba ya Samad na udongo wa Owino Uhuru

Mimi huku Ibra mzima, joto tu ndilo linalotuandama. Poleni kwa kimya kirefu.

Ijumaa iliyopita tulikwenda na wenzangu wadi ya Samad, si mbali na hapa. Pale Maysar watu waliyeyusha shaba yapata miaka 4,000 iliyopita, zama za Magan. Mavi ya shaba bado yapo chini, meusi, mazito, kama yametupwa juzi. (Wazee wetu husema mavi ya chuma, ni kitu kimoja.) Nikaokota kipande, mawazo yakanirudisha Owino Uhuru.

Kile kiwanda cha kule Mikindani mnakikumbuka, kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari kutoa risasi. Kilianza 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, mtaa wa watu kama 3,000. Moshi ukatua kwenye mabati, maji machafu yakapita vichochoroni. Phyllis Omido aliajiriwa humo ndani, akashauri kihamishwe, hawakumsikiliza. Kisha mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu. Akaacha kazi, akaanza kupambana. Kiwanda kikafungwa 2014, na 2015 yeye akapewa Tuzo ya Goldman.

Sasa wengi walidhani kufunga lango kumemaliza. Hapana jamani! Risasi haiozi wala haiyeyuki na mvua ikapotea. Hukaa kwenye tabaka la juu la udongo, pale pale mtoto anapotambaa kisha anatia kidole mdomoni. Mtoto huinyonya mwilini kuliko mtu mzima, na ikigusa ubongo haina kurudi nyuma. Ndiyo maana kusafisha si kufagia: udongo wa juu huchotwa, ukazikwa kwenye shimo lililotandikwa lisivuje, na mahali pake ukaletwa udongo safi. Vumbi la ndani ya nyumba nalo liondolewe, la sivyo ni kazi bure.

Kazi hiyo ina gharama, na hapo ndipo mahakama ilipoingia. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe ndani ya miezi minne. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka kumi tangu lango lifungwe! Watoto waliokuwa wakitambaa wakati ule walikuwa wameshakuwa wakubwa.

Haya, naishia hapa. Mwambieni kaka asiyavunje yale mabetri mabovu yaliyo uani, wajukuu wanacheza pale. Nitampigia simu Ijumaa baada ya sala, na nisikie yameshaondoka.