Nani Ana Haki ya Kupanda Jahazi Hili?

Katika Mkataba wa Brussels, uliotiwa saini Julai 1890 na madola 17, Zanzibar ikiwamo, kuna kifungu ambacho wengi wanaoandika historia ya pwani hukipita bila kusimama. Kiliagiza ifunguliwe Unguja ofisi ya kimataifa ya kukusanya na kugawana habari za majahazi yaliyoshukiwa kubeba watumwa, ili manowari za mataifa mbalimbali zisiwe zinawinda gizani. Leo kituo kinachogawana habari za usalama wa magharibi mwa Bahari ya Hindi kiko Antananarivo, na wanaokisifu huzungumza kana kwamba wazo lake limezaliwa karne hii. Wazo ni kongwe, na kilichokuwa kikilikwamisha zamani ndicho kinacholikwamisha hadi leo: nani ana haki ya kupanda chombo cha mwenzake, kukipekua, na kuwahukumu waliomo?

Waingereza walijitafutia haki hiyo kwa mikataba na masultani: 1822, 1845, kisha 1873, pale Seyyid Barghash alipotishwa kuzingirwa na manowari hadi akakubali kufunga soko la watumwa. Kuanzia mwaka uliofuata, manowari kuukuu ya mbao iitwayo HMS London ilitia nanga Unguja kwa takriban miaka kumi, ikawa ghala, karakana na hospitali ya doria, na mashua zake zikipelekwa kuvizia kwenye vijibahari vya Pemba. Mabaharia walilipwa bakshishi kwa kila mtumwa waliyemwokoa au kwa tani za jahazi walilolivunja. Ukimlipa askari kwa tani, usishangae akiona mtumwa katika kila jahazi. Malalamiko ya wafanyabiashara ambao vyombo vyao halali viliteketezwa yaliandama doria hiyo tangu mapema.

Lakini kulikuwa na kitambaa ambacho mabaharia hao hawakuthubutu kukigusa. Ufaransa ilikataa katakata Mwingereza apekue chombo chenye bendera yake, na manahodha, hasa wa Sur kule Oman, waliijua thamani ya bendera hiyo. Desemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg, mkuu wa HMS London, alikuta karibu na Pemba jahazi linalopeperusha bendera ya Ufaransa. Alilisogelea akitaka kuthibitisha karatasi zake tu, kwa kuwa kulipekua hakuruhusiwi, na watu wake hawakuwa wamejiandaa kwa vita. Waliokuwa jahazini wakawashambulia, Brownrigg na baadhi ya mabaharia wake wakauawa.

Brussels ilitakiwa kuuziba mwanya huo. Mkataba ulichora eneo la bahari kutoka Baluchistan hadi Quelimane, Ghuba na Bahari ya Shamu zikiwamo, na ukaruhusu kupekua vyombo vya chini ya tani 500 tu. Hata hivyo, Ufaransa iliridhia mkataba bila kukubali vifungu vya upekuzi. Ugomvi wa bendera za majahazi ya Sur ukaendelea hadi mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ambayo mwaka 1905 iliipunguzia Ufaransa uwezo wa kuzigawa. Kufikia wakati huo biashara yenyewe ilikuwa imekwisha nguvu.

Miaka miwili kabla ya Brussels majeshi ya majini yalikuwa yameshaungana kwenye pwani hii kwa namna ambayo haifai kusahauliwa. Desemba 1888 Ujerumani na Uingereza, zikiungwa mkono na Italia na Ureno, zilizingira mwambao kwa manowari. Tangazo lilisema wanazuia watumwa na silaha, lakini shabaha ilikuwa kuwakatia pumzi Abushiri bin Salim na wenzake waliowapinga Wajerumani. Tangu hapo wenyeji wa mwambao wana sababu ya kuuliza, kila wanaposikia neno ushirikiano, linamlenga nani.

Nusu ya pili ya karne ya 20 haina mengi. Kenya iliunda jeshi lake la wanamaji mwaka 1964, Tanzania ikapata lake miaka michache baadaye kwa msaada wa China, na kila moja likalinda mlango wake.

Kisha serikali ya Somalia ikaanguka mwaka 1991, na pwani ndefu ikabaki bila mlinzi. Juni 2005 maharamia waliiteka MV Semlow, iliyokuwa ikitoka Mombasa na mchele wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwa ajili ya Wasomali wenyewe. Mwaka 2008 wakaiteka MV Faina, iliyokuwa ikielekea Mombasa na vifaru 33. Benki ya Dunia ilikadiria kuwa fidia zilizolipwa kati ya 2005 na 2012 zilifika dola milioni 339 hadi 413. Manowari zikamiminika: za Umoja wa Ulaya, za NATO, za Marekani na washirika wake, halafu za China, India, Urusi na Japani zilizokuja kila moja kwa amri yake, zikapatanishiwa ratiba kwenye mikutano ya Bahrain.

Januari 2009, mjini Djibouti, nchi za eneo lenyewe ziliweka saini Kanuni ya Maadili ya Djibouti dhidi ya uharamia, Kenya na Tanzania zikiwa miongoni mwa tisa za kwanza. Ethiopia nayo iliweka saini, ingawa haina hata ufukwe mmoja. Bidhaa zake hupita baharini kama za wengine. Vituo vya habari vikapangwa Sana'a, Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2012 Afrika Kusini, Msumbiji na Tanzania zikakubaliana juu ya doria ya pamoja katika Mlango wa Msumbiji, manowari za Afrika Kusini zikitumia bandari ya Pemba, ile ya Cabo Delgado.

Kukamata kuliwezekana, kuhukumu kukawa mtihani. Kenya ilikubali kupokea washukiwa kutoka kwa manowari za Ulaya, na karibu na gereza la Shimo la Tewa pakafunguliwa chumba maalumu cha mahakama. Novemba 2010 Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema haina mamlaka juu ya makosa yaliyotendwa nje ya maji ya Kenya. Mahakama ya Rufani iliibatilisha hukumu hiyo Oktoba 2012, wakati maharamia walipokuwa wakipungua.

Kwa dawa za kulevya hali ni ngumu zaidi. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi katika bahari kuu, mashariki ya Mombasa. Shehena ikatupwa baharini. Mabaharia wa jahazi wakaachiwa waende zao, maana hapakuwa na sheria ya kuwashika. Marekebisho ya Jeddah ya 2017 yalipanua Kanuni ya Djibouti ili iguse pia dawa za kulevya, usafirishaji haramu wa binadamu na uvuvi haramu. Mwaka uliofuata zikatiwa saini, Mauritius, hati zinazokipa kituo cha Antananarivo kazi ya kukusanya habari na kile cha Ushelisheli kazi ya kuratibu doria.

Uharamia nao haukuwa umekwisha. Maharamia walipoiteka meli ya MV Ruen Desemba 2023, waliishikilia miezi mitatu. Machi 2024 manowari ya India, INS Kolkata, iliikomboa na kuwatia mbaroni watu 35. Walipelekwa Mumbai kushtakiwa, chini ya sheria dhidi ya uharamia ambayo India ilikuwa imeitunga mwaka 2022.