Mwalimu wa UPE na Ng'ombe Aliyepotea

Juma hili naomba turudi nyuma kidogo. Novemba 1974, mjini Musoma, TANU iliazimia kwamba ifikapo 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe darasani. Watoto walikuwepo, walimu hawakutosha. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba. Wakawa wanafundisha saa chache kwa siku, na saa zilizobaki wakijifunza wenyewe, kwa masomo ya posta, kwa waratibu wa elimu na kwa vipindi vya Radio Tanzania Dar es Salaam. Zaidi ya 35,000 walifuzu kwa njia hiyo.

Kwetu Mbulu na Hanang mzigo ulikuwa mara mbili. Tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia shule za msingi, lakini nyumbani mtoto alizungumza Kiiraqw, ambacho ni cha jamii ya Kikushi, au Kibarabaig, ambacho ni cha Kinailo. Lugha hizo hazina ngeli kama za Kibantu.

Mimi nilifundishwa na mmoja wa walimu hao, mwishoni mwa miaka ya 1980. Siku moja niliandika: "Ng'ombe yetu imepotea." Nikangoja kiboko. Yeye akauliza: "Alipotelea wapi? Nani alimtafuta?" Nikasimulia mpaka darasa likanyamaza. Ndipo akaandika sentensi zangu ubaoni, tukazisahihisha wote: ng'ombe wetu amepotea, fimbo yetu imepotea. Ngeli hizo sijazisahau hadi leo, nami nakula kwa lugha hiyo.

Walimu wa UPE walibezwa sana. Ni kweli mafunzo yao yalikuwa haba, na wapo walioshindwa kazi. Lakini yule wangu alijua kwamba mtoto huanza na la kusema, sarufi ikafuata kulinyoosha.

Leo mwalimu mpya anayepangiwa Haydom au Katesh amekaa chuoni miaka miwili au zaidi. Namwuliza mkufunzi wake: je, mwanachuo huyu amewahi kuandika kisa chake mwenyewe, kikasomwa na kusahihishwa mbele ya wenzake? Kama amekariri jedwali la ngeli tu, atawapa watoto jedwali. Asiye na kitu hatoi kitu.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo.