Kikoa, wigo na ncha: hisabati kwenye njia ya Tabora

Mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 hakuhitaji kuambiwa kuwa safari ina miisho miwili. Aliondoka na mzigo Bagamoyo, usawa wa bahari, akapanda hadi Tabora, mita 1,200 hivi, kisha akateremka hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika.

Tuichore njia hiyo kwa polinomia. Tuhesabu x kutoka pwani, kila kizio kikiwa kilomita 200: Tabora ni 4, Ujiji ni 6. Kimo kwa mita tukikadirie hivi: h = 600x − 75x². Milima ya Usagara tumeilaza, na Ujiji tumeipandisha hadi 900 ilhali ziwa liko 770 na ushei. Kwa somo letu yatosha.

Seti ya x zinazoruhusiwa huitwa kikoa. Kikoa cha kawaida ni mlo wa shirika: wanaokula ni waliokubaliana. Mpita njia hanawi. Polinomia peke yake haibagui, hupokea namba halisi yoyote. Ipe 9 uone: −675, mpagazi kafukiwa ardhini huko Kongo! Safari ndiyo inayofunga kikoa: 0 hadi 6.

Seti ya majibu ni wigo. Mfasiri wa “range” mwenye haraka ataandika “masafa”, lakini masafa ni umbali, na umbali hapa ndio x yenyewe. Wigo ni ua, nao umezunguka vimo vyote: 0 hadi 1,200.

Tulizipataje namba hizo mbili? Kalkulasi hutafuta mahali ambapo mwinamo ni sufuri: 600 − 150x = 0, yaani x = 4. Kabla ya hapo tunapanda, baada yake tunashuka. Tabora ni kilele. Ndiyo maana neno “kigeuko” linashawishi kuwa jina la kimo cha juu au cha chini kabisa.

Ila kimo cha chini kabisa ni Bagamoyo, na pale njia haigeuki hata kidogo. Mwinamo wake ni 600, mkali kuliko kwingine kote njiani. Kwa hiyo nachagua “ncha”: mlima una ncha, na kamba nayo ina ncha zake mbili. Neno moja linabeba kilele na mwisho wa njia.

Basi, ukishapata sufuri za mwinamo, usifunge daftari. Kokotoa pia kimo cha Bagamoyo na cha Ujiji, ulinganishe 0, 900 na 1,200, ndipo uandike jibu.